Uzinduzi wa Choo cha Mama Cherehani

Choo cha Mama Cherehani kilikuwa maarufu kuliko mwenyewe. Yeye alijulikana na wenye suruali za kupunguza na sare za shule za kushonesha, basi. Choo chake kilijulikana ng'ambo. Kilishapigwa picha kwa mbele, kwa nyuma, kutoka juu ya paa la jirani, na mara moja kwa ndani, na bwana mmoja aliyeingia na viatu vyeupe akatoka na viatu vya rangi isiyo na jina, wala hakuonekana tena mtaani. Picha mojawapo ilitokea kwenye kalenda ya shirika fulani, ukurasa wa Agosti. Mama Cherehani aliiona ukutani kwa daktari wa meno huko mjini, taya limemvimba, akatamani kuwaambia waliokaa naye kwenye benchi kuwa kile ni choo chake. Lakini maneno kama hayo unayaanzia wapi? Akasubiri kung'olewa jino.

Chenyewe kilikuwa nguzo nne zilizokosana, kila moja imeegemea upande wake, zimezungushiwa magunia na vipande vya bati vilivyokula kutu. Sakafu ilikuwa mbao zilizolazwa juu ya magogo, na mwenyeji wa pale alijua ubao upi wa kukanyaga na ubao upi wa kuusalimia kwa mbali. Mvua ikinyesha, shimo lilikuwa linapanda lenyewe kuja kuwaangalia watu. Nakuambia hivi si kukutia kichefuchefu. Nakuambia ili uelewe kwa nini wageni wote waliletwa hapo kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa shule isiyo na madirisha.

Mtaa wenyewe ulikuwa na mkosi wa kukaa pale mji unapoishia na shamba halijaanza. Ukienda manispaa kuuliza habari za mabomba unaambiwa nyie ni wa wilaya. Ukienda wilayani unaulizwa, nyie watu wa mjini mnatafuta nini huku? Wakati wa uchaguzi wote wawili wanawagombania, uchaguzi ukipita wote wawili wanawasahau. Barabara ilichongwa kila mwaka, kwa mdomo. Maji yalikuja kwa mkokoteni na yaliuzwa na watu wenye kiburi. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja na vidonge vya rangi moja, na hivyo vidonge vilitibu kila kitu kuanzia kichwa mpaka talaka. Kilichofika mtaani bila kukosa ni mabango. Kila mradi ulianza kwa kusimamisha bango kubwa la chuma lenye majina ya wafadhili, na bango likishasimama mradi ulikuwa umeshachoka, unarudi kwao kupumzika. Watu hawakuwa wajinga. Waliyang'oa mabango wakafanya mabanda ya kuku.

Sasa huyu Mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mtu wa kofia na tumbo, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kununa, na alikuwa amegundua mapema kwamba mtaa wake hauna kitu cha kuuza isipokuwa shida, na kwamba shida nazo zina madaraja. Choo cha Mama Cherehani kilikuwa daraja la kwanza. Wageni wakifika, anawapeleka pale taratibu, anavua kofia, anasubiri wanyamaze, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo maisha yetu." Alikuwa hodari. Usingeamini kwamba kwake yeye kulikuwa na choo cha vigae chenye mlango wa kufunga kwa ufunguo. Mama Cherehani alipata nini kwa hayo yote? Alipata kipande cha sabuni, na fulana moja iliyombana makwapani. Lakini hakusema kitu, maana kiwanja chake hakikuwa na hati, na shahidi pekee kwamba ni chake alikuwa huyo huyo Mwenyekiti.

Aliyavumilia mpaka mama mkwe wake alipohamia.

Mumewe Mama Cherehani alikuwa dereva wa lori za masafa, mtu wa kupita nyumbani, kubadili shati na kuondoka. Safari moja alimshusha mama yake na godoro lake, akasema magoti ya bibi yameisha, hawezi tena kukaa peke yake kule alikokuwa, akapiga honi akaenda zake. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa maneno. Alimsema mwanawe tangu asubuhi mpaka jioni, akawasema wauza maji, akamsema mpaka jogoo wa jirani kwa kuwika bila mpangilio, na Mama Cherehani, ambaye alizoea kelele ya mashine peke yake, akajikuta anampenda. Kisha bibi akaomba kuonyeshwa choo. Alikwenda, akarudi amefunga mdomo, na siku hiyo hakumsema mtu yeyote.

Kwenye zile mbao goti lilikuwa limemgomea. Alikuwa ameteleza, akajishika kwenye gunia, gunia likachanika, na akabaki ananing'inia hapo kwa muda ambao hakutaka kuuelezea. Mama Cherehani akamnunulia ndoo yenye mfuniko. Ndoo aliikataa. Alisema amezaa watoto wanane na kuzika mume, hawezi kuja kumalizia uzee juu ya ndoo ndani ya chumba anachokatia vitambaa mkwe wake. Badala yake akatafuta njia yake mwenyewe. Akaacha kunywa maji.

Hakutangaza. Alipewa kikombe, akashukuru, akalowesha midomo, na kikombe kikabaki dirishani mpaka kikaingia vumbi. Chakula alikula kikavu, kidogo, kama anayemfanyia mtu hisani. Mama Cherehani alidhani ni uzee, mpaka asubuhi moja bibi alipoanza kuzungumza na marehemu mumewe, tena kwa ugomvi. Wakampeleka zahanati kwa mkokoteni wa maji. Yule muuguzi akamvuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama kama hema. Akamchukua Mama Cherehani pembeni na kumwambia waziwazi kwamba figo zinakauka, na asipokunywa maji watamzika, na wala si kwa ugonjwa bali kwa kiu.

Mama Cherehani alirudi nyumbani amefura. Ilikuwa hasira ya kweli, mpaka uzi ukakataa kupita kwenye sindano. Mtu mzima anajiua kwa kiu kwa sababu ya mahali pa kujisaidia, na mahali penyewe pako kwenye kalenda. Jioni hiyo hiyo alimwita Fundi Mwashi wa mtaa wa pili.

Fundi Mwashi alikuwa na watoto wengi kuliko matofali, na wote walikuwa wanakwenda shule uchi kidogo kidogo. Walielewana bila kuandikishana: yeye atajenga choo, Mama Cherehani atawashonea watoto sare mpaka wa mwisho amalize darasa. Kabla hata shimo halijafika kiunoni, Mwenyekiti akafika na wajumbe wake wawili, wamevaa kama wanaokuja kuposa. Alianza kwa kuulizia afya, akapita kwenye mvua, akafika alikokuwa anakwenda.

"Mama Cherehani," alisema, "kile choo si chako peke yako. Kile ni cha umma."

"Basi umma na uje ujisaidie humo."

Wajumbe walitazama chini. Mwenyekiti akavua kofia na kueleza kwa upole kwamba wageni wanakuja tena, wakubwa kuliko wote waliowahi kuja, na wakikuta choo kizuri watasema huu mtaa umeshajikomboa, watapeleka mradi kwingine. Zahanati itakosa daktari, shule itakosa madirisha, na lawama itakuwa ya nani? "Unataka kutuharibia umaskini wetu?" aliuliza, na alikuwa anamaanisha kabisa. Mama Cherehani akamuuliza hicho choo kimeshaleta nini miaka yote hii. Mwenyekiti akataja semina. Akafikiri, akataja semina nyingine. Halafu, akiwa anavaa kofia, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba viwanja vya upande huu vina utata, asije mtu akaingia gharama ya kujenga juu ya ardhi yenye utata.

Hilo lilimwingia. Usiku mzima alijigeuza kitandani. Lakini asubuhi alisikia bibi akikohoa kikohozi kikavu kama karatasi, akatoka nje akamwambia Fundi achimbe.

Na wakajenga choo cha maana. Shimo lilijengewa matofali mpaka juu. Sakafu ilimwagwa zege yenye vyuma. Fundi akasema kwa magoti kama yale hapafai tundu la kuchuchumalia, panahitajika kiti cha zege, lakini kiti cha urefu gani? Hapo Mama Cherehani akaleta futi yake ya kushonea. Akampima mama mkwe wake akiwa amekaa juu ya debe: kisigino mpaka goti, goti mpaka kiunoni, upana wa makalio na nafasi ya kupumulia. Akamwambia Fundi aongeze vidole viwili, kwa sababu mteja anaweza kunenepa. Bibi alikasirika kwa adabu, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema tangu gauni la harusi yake hakuna mtu aliyempima kwa heshima namna ile. Pembeni ya kiti Fundi akachomeka bomba la kushikia. Mlango walitengeneza kwa mabango mawili, la maji safi kwa nje, la utawala bora kwa ndani, ili anayekaa awe na cha kusoma.

Zege ikaachwa ikauke. Bibi akaambiwa asubiri, na akasubiri, akinywa vijiko vichache tu alivyoamriwa na muuguzi, akiuliza kila asubuhi kama imekauka. Alikuwa anakwenda kuigonga kwa fimbo.

Ni katika kusubiri huko ndipo upepo ulipogeuka kule juu. Mwenyekiti aliitwa mjini akaambiwa kwamba mwaka huu wageni wamechoka na shida. Shida wameziona. Mwaka huu wanataka mafanikio, na Mgeni Rasmi anayekuja, mwanamama mkubwa kutoka wizarani, anataka kuzindua kitu. Mwenyekiti alirudi amelowa jasho. Alizunguka mtaa mzima akitafuta mafanikio. Alikuta moja tu, na lilikuwa limejengwa nyuma ya nyumba ya Mama Cherehani.

Akaja mbio, safari hii bila wajumbe, meno yote nje. Alikisifu choo kuanzia msingi. Akasema yeye tangu awali alijua, ila alikuwa anampima imani. Akasema kitaitwa Choo cha Mfano, na mbele ya Mgeni Rasmi na umati wote yeye kwa mdomo wake atatamka kwamba kiwanja hiki ni cha Mama Cherehani bila utata wowote. Hapo ndipo mwanamke mwenye akili zake alipoteleza. Alikuwa ameusubiri huo mdomo miaka. Akakubali. Alipoombwa ashone kimto kidogo chekundu cha kubebea kitu fulani siku ya sherehe, alishona, akatia na nakshi pembeni, hata hakuuliza ni kitu gani. Vijana walipokuja kubomoa kile choo cha zamani ili kisimuudhi mgeni, aliwaazima shoka.

Siku ya uzinduzi ndiyo siku aliyosema Fundi kuwa zege iko tayari. Alfajiri bibi alikipigapiga kiti, akakikalia na nguo zake kujaribu, akatoka uso umemng'aa. "Leo nakunywa, mwanangu," alisema. Na alikunywa. Mama Cherehani alikuwa anapiga pasi huku anasikia maji yakimiminwa kutoka kwenye jagi, kikombe, kikombe tena, na bibi akishusha pumzi baada ya kila kimoja, na machozi yakamtoka juu ya pasi bila aibu. Kama ingekuwa hadithi ya kanisani ningekomea hapa.

Aliponyanyua kichwa alisikia nyundo. Akatoka nje. Mwenyekiti na vijana wake walikuwa wamefunga utepe mwekundu mlangoni, juu ya utepe kufuli la shaba lenye ukubwa wa ngumi. Mama Cherehani akauliza kufuli la nini. Mwenyekiti akashangaa anavyouliza. Choo kikitumiwa kabla ya kuzinduliwa, Mgeni Rasmi atazindua nini? Atazindua choo kilichotumika? Ufunguo, akasema, upo salama, umewekwa juu ya kile kimto, na kimto amepewa binti wa itifaki, na binti wa itifaki amekwenda njia panda kumlaki Mgeni Rasmi. Saa yoyote wanaingia.

Hawakuingia. Turubai lilisimamishwa, viti vya plastiki vikapangwa, meza kuu ikatandikwa kitambaa na chupa za maji, spika zikaanza kupiga muziki wa kuwafukuza watu. Kipaza sauti kiliwekwa mlangoni kabisa pa choo, maana hapo ndipo maneno ya uzinduzi yangesemwa. Jua likapanda. Bibi alikuwa amekaa mstari wa pili na gauni lake la kijani, mwanzo akiwasema watu na mavazi yao, kisha akiitikia tu salamu, kisha haitikii. Mama Cherehani alipomwona anakaza fimbo kwa mikono miwili alielewa. Akakimbilia kwa jirani wa kulia kuomba choo. Jirani hakumtazama usoni, akasema choo chake siku hizi hakifai. Akakimbilia kwa wa kushoto, naye akasema vivyo hivyo, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekutwa na jambo. Nyumba ya tatu ilikuwa mbali kwa yale magoti.

Jua liliposimama utosini ndipo magari yalipotokea, vumbi mbele, Mgeni Rasmi ndani. Alikuwa mama mnene wa makamo mwenye uso mwema, aliyechoka na barabara. Akaketishwa. Binti wa itifaki akasimama nyuma yake na kimto, ufunguo juu yake unang'aa. Mwenyekiti akashika kipaza sauti cha pili, akasalimu itifaki yote mmoja mmoja, kisha akaanza historia ya mtaa tangu ulipokuwa pori. Mama Cherehani akampitishia mjumbe neno. Mjumbe akainama, akanong'ona, na Mwenyekiti akamjibu Mama Cherehani kwa macho tu, akiyapeleka polepole kwenye kiwanja, kisha kwake. Historia ikaendelea, pori likafyekwa, nyumba ya kwanza ikajengwa.

Bibi akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Mwanangu," alisema, "nitaaibika mbele za watu."

Mwanamke aliyemsema kila kiumbe mtaani, mwenye neno kwa kila jambo, sasa kidevu kinamtetemeka kama cha mtoto mchanga. Na alikuwa amekunywa kwa sababu aliambiwa anywe. Mama Cherehani aliwaza kiwanja. Naomba nisimsingizie ushujaa, alikiwaza kweli, akaiona cherehani yake imetupwa barabarani kwenye mvua. Halafu akainuka, akapita mbele ya meza kuu, akauchukua ufunguo juu ya kimto alichokishona mwenyewe. Binti wa itifaki alibaki ameshika kimto kitupu, hajui akishushe au aendelee kukibeba.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Mama Cherehani. "Mama anataka kwenda chooni."

Historia ya mtaa ikakatika katikati. Kufuli likafunguka. Kuinama chini ya utepe bibi hakuweza, magoti hayo hayo, basi akapita nao. Utepe ulimkaa tumboni, ukavutika, ukang'oka misumari pande zote mbili, akaingia nao umemzunguka kiunoni, na mlango ulipofungwa, ncha ya utepe ikabaki nje inachezacheza. Komeo likasikika. Kisha, kwa kuwa kipaza sauti hakichagui cha kupaza, mtaa mzima ulisikia yaliyofuata, kwa spika nne, kwa muda mrefu, na mwisho wake sauti ya bibi ikisema taratibu, "Alhamdulillahi. Na Bwana asifiwe. Na yeyote mwingine aliyehusika."

Hakuna aliyecheka. Ungetegemea kicheko, na Mwenyekiti nadhani alikisubiri ili aokokee humo. Badala yake mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma, mja mzito, aliinuka, akaja akasimama mlangoni bila kumwangalia mtu. Nyuma yake akaja jirani wa kulia. Kisha wa kushoto. Kisha muuza mkaa, na mama wa mapacha, na walimu wawili wa kike wa ile shule isiyo na madirisha, na mabinti wa shule wenye sare alizoshona Mama Cherehani kwa mkono wake. Walikuja kimya kimya, wakipanga mstari wenyewe, mpaka mstari ukalipita turubai na kukunja kona. Mama Cherehani aliwatazama. Miaka yote alidhani aibu ni ya nyumba yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kwenye kalenda. Sasa akaona midomo mikavu ya wenzake, akaona wangapi wamejifunga kanga mbili kiunoni mchana wa jua, ya pili ya kuficha ya kwanza ikilowa, na akaelewa kwamba hakuna mwanamke hapa anayekunywa maji mpaka giza liingie. Wote walikuwa wanafanya alichokuwa anafanya bibi, ila wao walikuwa bado wana umri wa kustahimili.

Wa mwisho kuunga mstari alikuwa mke wa Mwenyekiti. Alitoka pale pale meza kuu na kilemba chake kikubwa. Mumewe alimwita kwa jina la mapenzi, kwa sauti ya chini, na yeye akamjibu kwa sauti ambayo kipaza sauti cha mumewe kiliidaka: kile cha vigae kimejaa tangu mvua za mwaka juzi, aache kujifanya hajui. Mwenyekiti akaiangalia hotuba yake. Kulikuwa bado na kurasa.

Bibi akatoka, utepe begani. Akaustaajabia mstari, akauliza kama hawa wote walikuwa wanamngoja yeye. Akajibiwa ndiyo. Akasema basi wangesema mapema, angesoma bango haraka.

Mgeni Rasmi naye alikuwa ameinuka. Alimsogelea Mama Cherehani mpaka karibu, akamwinamia sikioni, na bila itifaki yoyote akamwambia ametoka mjini tangu alfajiri, barabara ile, chupa mbili za maji garini. Mama Cherehani alikaribia kumshika mkono ampeleke mbele, kama mgeni anavyopelekwa mbele popote pale. Akamwona yule mja mzito ameegemea ukuta na macho ameyafumba.

"Foleni inaishia kule, Mheshimiwa," alisema. "Nyuma ya mke wa Mwenyekiti."

Mheshimiwa alimtazama. Walinzi wakatazamana. Kisha akavua viatu vya kisigino, akavishika mkononi, akatembea peku kando ya mstari wote mpaka kwenye kona, na kule akasimama juani pamoja na wenzake.

Wapiga picha hawakujua wapige nini, wakashusha kamera. Mwenyekiti alikuwa anatafuta ukurasa. Mama mkwe, kwa magoti yale, hakuona sababu ya kurudi mstari wa pili wakati kulikuwa na kiti cha karibu, chenye mto, kilichoachwa wazi. Akajishusha kwenye kiti cha Mgeni Rasmi, meza kuu, akaweka fimbo pembeni, akavuta chupa ya maji iliyokuwa mbele yake, akaifungua na kuinywa yote.